Mlango Uliochomelewa

Tarehe 4 Februari

Cheche,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, kama utazistahili.

Nimefika salama, nimeingia zamu jioni ileile, nimezalisha mapacha, na mpaka sasa aibu uliyonipa haijanitoka. Udongo wa kaburi la Mzee haujakauka, watu wamekaa kikao cha familia kuzungumza mirathi, wewe unanyanyua kiti cha chuma unamtwanga nacho mdogo wako Kinyozi kichwani mbele ya mwenyekiti wa mtaa! Na kiti chenyewe alikitengeneza Mzee. Damu imeruka mpaka kwenye karatasi ya muhtasari. Karani wa mahakama, nilipompitia kabla ya kupanda basi, ameniuliza huu ni wino gani.

Simu sitaki. Kwenye simu unafoka, nafoka, mmoja anakata. Andika, mpe kondakta wa basi la asubuhi, jioni ninayo.

Sasa nisikilize. Kikao kimenipendekeza mimi niwe msimamizi wa mirathi. Hiyo haina maana kwamba mali ni yangu. Wala si yako. Wala si ya Mama Mdogo, wala ya mwanawe Kinyozi. Mtu akishafariki, mali yake inakaa palepale alipoiacha mpaka mahakama iseme. Kwanza napeleka maombi, pamoja na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao na majina ya warithi wote. Mahakama inabandika tangazo, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Muda ukipita bila mtu kupinga, hakimu ananipa barua ya usimamizi. Hapo ndipo nakusanya mali, nalipa alichokuwa anadaiwa, halafu nagawa kwa kila mmoja. Kabla ya hapo hata msumari wa karakana ya Mzee si wa kuguswa.

Kazi yako ni moja tu. Mpelekee karani majina ya warithi: Mama Mdogo ambaye ni mjane wa Mzee, mimi, wewe na Kinyozi. Usiruke hata moja. Msimamizi haruhusiwi kufuta jina la mrithi, hata mrithi awe na kichwa kibovu kama chako.

Haya, salamu.

Dada yako


Tarehe 9 Februari

Dada,

Nimesoma barua yako nikiwa nimeshika sikio, maana nusu yake ya chini haipo tena. Usishtuke, nakueleza.

Juzi asubuhi nafika karakana, namkuta Kinyozi na vijana wawili wa mabega mapana wanapakia mashine kubwa ya kuchomelea kwenye mkokoteni. Nikamuuliza, unaipeleka wapi? Ananijibu, "Nalinda fungu langu, wewe utauza kila kitu." Mimi niuze! Mimi niliyekula moshi wa chuma kwa Mzee tangu nina meno ya utoto! Nikachukua nondo. Wa kwanza nilimpata kwenye mkono, nikasikia mfupa umesema kah! Wa pili alikuwa na akili, akatimua mbio akaacha ndala. Kinyozi hakukimbia. Nikamrukia, nikamlaza chali juu ya mkokoteni, nikamkaba mpaka macho yakamtoka. Sitakudanganya, Dada, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyepewa maji baridi juani. Ndipo akachomoa wembe kwenye mfuko wa shati, ule anaonyolea wateja ndevu, akaupitisha mara moja. Sikio likadondoka vumbini, na kuku wa jirani akaliwahi kabla yangu.

Watu wa kinu cha kusaga kilicho uwanja mmoja nasi ndio waliotutenganisha. Nikamwambia mbele yao kwamba mmoja wetu hatafika mahakamani. Akajibu, damu yangu ikimchuruzika usoni, kwamba basi nikachague nguo ya kuzikwa nayo. Huyo ndiye unayemwita mdogo wangu. Hajawahi hata siku moja kuniita kaka.

Majina nimepeleka. Ni matatu. Yule si damu yetu, ni damu ya mama yake.

Cheche


Tarehe 12 Februari

Cheche,

Majina matatu! Karani si mjinga, ameirudisha orodha yako kwangu. Jina la nne nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, na nimelitanguliza kabla ya lako, ili likuchome.

Ungejua ulichotaka kutufanyia. Mrithi aliyerukwa akisimama mahakamani kupinga, kila kitu kinarudi mwanzo, na mimi naonekana mwizi. Lakini hata kama sheria isingejali, mimi najali. Hilo la damu liache. Nilikuwepo siku Mzee alipombandika Kinyozi chuma cha moto begani kwa sababu aliangusha mtungi wa gesi. Alikuwa mtoto. Mzee akasema mikono ile ni ya kushika vitana, akamfukuza karakana asirudi. Wewe ulicheka. Kidonda nilikifunga mimi, na nililia kuliko yeye. Wewe ulirithi kazi Mzee akiwa hai. Yeye alichorithi ni kovu.

Kinyozi naye nimemwandikia, nimemtukana kwa wembe wake matusi ambayo wodini sijawahi kuyatamka. Nimewachoka wote wawili. Nataka siku hakimu atakapoita majina yetu tuwe wanne tumesimama, wazima, basi. Mali ikipotea ipotee.

Sasa fanya hivi. Karakana ifungwe. Asiingie mtu, si wewe, si yeye. Weka kufuli mbili, funguo mpe mwenyekiti wa mtaa. Pasifunguliwe mpaka mahakama itoe barua.

Sikio lioshe kwa maji ya chumvi kila siku. Likioza usinililie.

Dada yako


Tarehe 20 Februari

Dada,

Umesema ifungwe, nimefunga.

Kufuli zako mbili zilikatwa. Nikaweka nyingine, nazo zikakatwa. Nilipomlalamikia mwenyekiti, alicheka akasema labda nimkabidhi na mlango. Nikaona nafanywa mtoto. Basi nimefanya kama fundi aliyefundishwa na fundi.

Leo kumepambazuka tu, kinu hakijawashwa, mtaa mzima kimya, nimesogeza jenereta na mashine ndogo ya kuchomelea, zote za kuazima. Nikaanza na dirisha la nyuma, nikalifunika na bati nene na kulichomelea pande zote. Halafu nikaja mlangoni. Juu, chini, kushoto, kulia, mshono mmoja usiokatika. Mzee angepitisha kidole pale angetabasamu, na unajua yeye alikuwa hatabasamu. Hapiti hata mende. Nilikuwa peke yangu, nimepumzika mara moja tu kuvuta sigara, nikamaliza. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nimekula nikashiba.

Mwambie hakimu wako mali ya marehemu iko salama. Siku akitoa barua nitaukata mwenyewe mbele ya wote.

Saluni ya Kinyozi leo haijafunguliwa. Labda ameanza kuelewa.

Cheche


Tarehe 22 Februari

Dada,

Kumetokea ajali. Soma umekaa.

Jana mchana Kinyozi aliingia karakana kuiba. Akachezea mitungi ya gesi, vitu asivyovijua, ikamlipukia. Watu wa kinu wakaona moshi, wakabomoa ukuta wa nyuma kwa nyundo kubwa wakamtoa. Yuko hospitali, anapumua. Uso umeungua, mikono imeungua zaidi. Ngozi ilimvuka kama glavu, nimeiona kwa macho yangu, na tangu jana sijameza kitu.

Moto umekula benchi na makopo ya rangi. Mashine kubwa imepona. Mlango wangu haukutikisika.

Mama Mdogo alinifuata nyumbani na mchi. Ameniondoa meno mawili ya mbele. Sikumrudishia, yule ni mama. Nilisimama tu, akapiga mpaka akachoka, akakaa chini akaanza kunitukana kwa sauti ndogo.

Nilitaka kukuuliza la sheria. Mtu akichoma mali ya marehemu, fungu lake linapotea?

Cheche


Tarehe 23 Februari

Cheche,

Aliingiaje?

Dirisha ulilifunika kwa bati. Mlangoni uliandika hapiti hata mende, na leo unajisifu kwamba mlango wako haukutikisika. Ukuta ulikuwa mzima, maana watu walilazimika kuubomoa kumtoa. Nimeisoma barua yako tangu saa ya chai mpaka wagonjwa wananiuliza kama nimefiwa tena.

Niambie mdogo wetu alipita wapi.

Dada


Tarehe 25 Februari

Dada,

Umekuwa polisi siku hizi? Mimi nimeng'olewa meno, nimekatwa sikio, hujauliza hata kama naweza kutafuna!

Haya, labda alikuwa amelala mle ndani. Nitajuaje? Wanasema mwenye nyumba alishamtoa kwa kodi, akawa anajibanza karakana. Kama alikuwemo, alikuwa anafanya nini ndani ya mali uliyosema asiguse mtu? Kinu kilikuwa kinanguruma, jenereta inanguruma, na mimi nimebaki na sikio moja na nusu. Hata angeimba nisingemsikia.

Na wewe ndiye uliyeandika pasifunguliwe. Barua ninayo.

Cheche


Tarehe 1 Machi

Kwa Dada,

Anayeandika ni mama, maneno ni yangu. Mama amesema ataandika nikisemacho na hataongeza tusi lake hata moja. Tuone.

Ni kweli nilikuwa nalala karakana. Mwenye nyumba alinitoa, na kwa mama sikutaka kwenda kujaza chumba. Kufuli nilizikata mimi, nakiri. Kila jioni niliegemeza meza mlangoni kwa ndani, kwa sababu Cheche alisema mmoja wetu hatafika mahakamani, na yeye si mtu wa kusema kitu akakisahau. Simu nilikuwa nimeiacha kwenye chaji saluni.

Asubuhi ile niliamshwa na mwanga kwenye upenyo wa mlango. Nikadhani kunawaka moto. Nikakimbilia mlangoni, nikasogeza meza, nikasukuma, mlango umeshashika. Cheche zilikuwa zinaingia kwenye upenyo wa chini, zinaniangukia miguuni. Kinu kilikuwa bado. Nikaita, "Kaka! Nimo ndani! Kaka!" Sijui kwa nini nilisema kaka. Neno lilitoka lenyewe.

Jenereta ikazimwa. Nilishukuru, Dada, nikajiona mjinga kwa kumwogopa mtoto wa baba yangu. Nikasikia harufu ya sigara. Nikajua anapumua kidogo halafu anafungua, na kwa kuwa nilikuwa pekupeku nikarudi nyuma kimya kutafuta viatu, nisitoke mbele yake kama mwizi. Nilikuwa nafunga kamba ya pili jenereta ilipowaka tena.

Baada ya hapo niliita mpaka sauti ikakauka. Kinu kilipoanza, hata mimi mwenyewe nilikuwa sijisikii. Kiliponyamaza jioni watu walishakwenda na geti la uwanja limefungwa. Ndani mle kuna kila kitu cha kukatia chuma. Mitungi yote miwili, mpira wa gesi, mdomo wake wa kutolea moto, kiberiti. Nilikaa navyo nikavitazama tangu giza mpaka mchana. Mtu yeyote aliyefundishwa na Mzee angetoka kwa muda wa kunyoa kichwa kimoja. Mimi sikufundishwa. Mchana kiu ilinishinda, nikafungua mitungi yote mpaka mwisho, nikawa napapasa kiberiti kilichodondoka, gesi inafoka tu. Nikakipata, nikakiwasha.

Daktari anasema vidole vitatu vya kulia havitarudi. Nyembe ndiyo basi.

Jamaa na marafiki wanakuja hapa kitandani wananiambia niweke pingamizi mahakamani, kwamba wewe usiwe msimamizi kwa kuwa wewe na Cheche mmetoka tumbo moja. Mama ndiye anayesema kwa nguvu zaidi, na sasa hivi ananikazia macho kwa sababu nimelitaja hilo. Muda wa tangazo bado upo. Lakini jina langu uliliandika wewe Cheche alipolitoa. Nitasubiri nione utafanya nini ukishasoma barua hii.

Kinyozi

Mimi mama yake nimeandika kama alivyosema. La kwangu ni moja. Nilimpiga Cheche mchi nikimlenga kichwani, na nikimpata tena sitakosea.


Tarehe 4 Machi

Cheche,

Uliniandikia kwamba kinu kilikuwa kinanguruma. Barua yako ya tarehe ishirini inasema kinu hakijawashwa na mtaa mzima ulikuwa kimya. Barua hiyohiyo inasema ulipumzika mara moja kuvuta sigara. Nilipoisoma mara ya kwanza nilipita hapo kama ninavyopita mlangoni kwangu.

Mdogo wetu ameniandikia. Alikuita, ukazima jenereta, ukamsikia, ukavuta sigara yako, ukaiwasha tena.

Zamu niliiacha katikati. Mimi, ambaye damu ndiyo kazi yangu. Halafu nikavaa nikaenda kituo cha polisi na barua zako zote, na zangu pia, maana pasifunguliwe niliandika mimi na nitaulizwa. Sikukuomba ruhusa. Wasipokukuta nyumbani, nimewaambia unapokunywa chai. Ukipigana nao watakuvunja, na mimi sitakuja kukufunga bandeji.

Usiuguse ule mlango. Usiuchonge, usiukate, usiupake rangi. Ni mali ya marehemu, na sasa hakimu mwingine anautaka auone ulivyo.

Mzee alikuwa anatupiga mimi na wewe tukiwa wadogo, unakumbuka, na mimi nilikuwa nakuficha nyuma yangu ile fimbo inipate mimi. Nilikuwa nakupenda sana. Nakuandikia hili ili ujue ninachokijua ninapokutoa kwa mkono wangu.

Dada


Tarehe 28 Machi

Dada,

Askari anaisoma hii kabla yako, kwa hiyo salamu kwake pia.

Humu ndani nimepigana mara mbili. Wamenivunja ubavu na mimi nimevunja pua ya mtu. Mara ya tatu walinipiga nikiwa nimekaa, sikunyanyua mkono. Hasira nimeitafuta sikuiona. Sijui imekwenda wapi, maana ilikuwa nyingi.

Polisi nimewaambia sikusikia kitu. Wewe nakuambia ukweli na huyu anayesoma aandike akitaka. Nilisikia. Alisema kaka. Nikazima jenereta, nikakaa kwenye ngazi ile ya mlangoni nikawasha sigara. Nilikuwa nasubiri aseme tena. Angeita mara moja zaidi, ningeukata mlango, naapa kwa kaburi la Mzee. Nilivuta mpaka moto ukanifika vidoleni. Akanyamaza. Nikajua basi, ananidharau, ameita tu kwa woga na sasa ameona aibu kuniita kaka, bora afe kuliko kuniita tena. Damu ikanipanda upya. Nikamaliza mshono.

Mpaka leo namuuliza ukutani kwa nini alinyamaza.

Wakili wa bure aliyekuja hapa anasema kesi ya mirathi inaendelea hata mimi nikiwa mahabusu. Hakunieleza zaidi. Sitaki mashine, sitaki karakana, mpeni yeye. Nataka kujua kitu kimoja tu. Kwenye orodha ya warithi, jina langu bado limo?

Cheche


Tarehe 6 Aprili

Cheche,

Muda wa tangazo umekwisha. Hakuna aliyeweka pingamizi. Leo hakimu amenipa barua ya usimamizi, na kabla ya kuisaini ameita majina ya warithi mmoja mmoja. Mama Mdogo alisimama. Mimi nilisimama. Kinyozi alisimama akiwa na mikono yote miwili kwenye bandeji, uso nusu ya zamani na nusu mpya, akasema "nipo" mpaka karani akainua kichwa. Lako lilipoitwa, Kinyozi akajibu, "Yupo, ila hakuweza kufika."

Kwa hiyo limo. Msimamizi haruhusiwi kufuta jina la mrithi. Nilikwambia tangu barua ya kwanza.

Na lile unalouliza ukutani nakujibu mimi. Hakukudharau. Alidhani unafungua. Alinyamaza kwa sababu alikuwa anavaa viatu.

Dada yako